Jovitus na Babu wa Ng'ombe Arobaini

Tangu Karagwe iwe Karagwe, hajawahi kuzaliwa mtu anayejua kuhesabu binadamu kama Jovitus! Hayo si maneno yangu. Ni maneno ya Jovitus mwenyewe, na ameyarudia mara nyingi kiasi kwamba pale Omurushaka hata mbuzi wanaofungwa nyuma ya soko wanayajua kwa kichwa.

Sababu ya mbwembwe zote hizo ni moja. Mwaka 2022 Jovitus alikuwa karani wa sensa. Wiki chache tu! Alipewa kishikwambi, akapewa kizibao chenye maandishi mgongoni, akazunguka kata ya Rugu nyumba kwa nyumba akiuliza watu wamelala wangapi na choo chao ni cha aina gani. Sensa ikaisha. Kishikwambi kikarudi serikalini. Wananchi wakaendelea kuzaliana bila idhini yake. Ila yeye hakurudi, alibaki kulekule kwenye sensa.

Mpaka leo anavaa kizibao. Kanisani anacho, msibani anacho. Ukimuuliza jina anajibu, "Jovitus, Mtakwimu." Nyumba haziiti nyumba, anaziita kaya. Siku moja mama ntilie alimuuliza anakula wali au ndizi, naye akamjibu, "Kwanza nijulishe, mkuu wa kaya hii ni nani?"

Alikula siku hiyo? Hakula.

Mimi naitwa Novatus. Nina kibanda cha kuuza majembe, mapanga na dawa za kahawa pale Omurushaka, na kosa langu kubwa maishani ni kusoma darasa moja na mtu huyu. Ndiyo maana alipopata mchumba alinifanya mshenga. Hakuniomba! Aliniteua, akanitangazia kwamba uteuzi unaanza mara moja.

Mchumba mwenyewe aliitwa Mackrine, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kyerwa. Msichana ana akili zake, ana kazi yake, anacheka kwa sauti. Nilimuuliza siku moja, "Mwalimu, hebu niambie ukweli. Umempendea nini huyu?"

"Ananichekesha," akasema.

"Yeye anajua kwamba anakuchekesha?"

"Hajui. Ndiyo raha yenyewe!"

Na Jovitus naye, nikimvua kizibao nimseme kwa haki, alimpenda. Alikuwa amejenga vyumba vitatu kule Rugu, amepaka chokaa, amepanda na maua mlangoni, na kila tulipokutana aliniuliza kama Mackrine anapenda madirisha ya kioo au ya mbao. Alimtaka yule binti kuliko kitu chochote duniani. Isipokuwa sifa, kama utakavyoona.

Basi tukaenda kujitambulisha. Tulipanda pikipiki yangu mpaka kijiji cha Mkombozi, kwa mzee Alistides, baba yake Mackrine. Nyumba nzuri ya bati, migomba imeizunguka pande zote, imetandazwa majani makavu chini vizuri. Tukapewa viti. Bibi Benadeta, mama yake mzee, akatuletea kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo. Bibi ana umri wa karibu miaka tisini, haoni vizuri, ila masikio yake yanasikia mpaka mawazo.

"Shikamoo mzee," tukasema.

"Marahaba, wanangu. Karibuni." Mzee akamgeukia Jovitus. "Haya, mwanangu. Wewe ni wa ukoo gani? Na muziro wenu ni nini?"

Muziro ni kile ambacho ukoo wenu hauli wala hauui. Swali hilo kila mtoto wa huku amelisikia tangu anyonye. Linaulizwa kwa sababu moja tu, watu wasije wakamwozesha binti yao kwa ndugu yake. Basi! Jibu lake halizidi maneno mawili. Na kama hujui, unasema hujui, wazee watakusaidia. Watakuuliza babu yako kazikwa kwenye kibanja gani, shangazi zako wameolewa wapi, na kabla kahawa haijaisha mdomoni wamekujua kuliko unavyojijua.

Jovitus hakujua. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na wajomba. Hiyo si aibu hata kidogo.

Lakini kichwa cha Jovitus hakisikii maswali kama vichwa vingine. Yeye aliposikia "ukoo gani" alidhani anapimwa! Alidhani mzee anataka kujua kama ana hadhi ya kukalia kile kiti. Nikamwona anavuta kizibao, anakohoa.

"Mzee," akasema, "historia ya ukoo wetu ni nzito. Haifai kusemwa kwa mdomo mtupu. Nitakuletea kwa maandishi."

Mzee Alistides akanitazama mimi. Mimi nikaitazama kahawa.

"Maandishi ya nini, mwanangu?"

"Takwimu, mzee."

Njiani nilimpigia kelele mpaka sauti ikanikauka. "Wewe Jovitus! Wameuliza tu wajue kama nyinyi si ndugu! Hawakuuliza ukubwa!"

"Novatus," akasema kwa upole ule unaokera, "wewe unauza majembe. Mambo ya hadhi niachie mimi."

Unshomile huo, yaani majivuno ya kisomi, ulianzia Bukoba kwa wasomi wa kweli. Ulipofika kwa Jovitus ulikuwa umechoka safari, umebaki kelele tu.

Kesho yake akaanza utafiti. Alichokuwa nacho mkononi ni majina mawili: babu yake mzaa baba aliitwa Petro, na baba yake Petro aliitwa Kahigi. Akatunga dodoso! Akazunguka nalo Rugu nzima, akiwauliza wazee swali la kwanza, "Je, marehemu Kahigi alikuwa na wadhifa gani? Chagua: (a) mtawala, (b) mshauri wa mtawala, (c) shujaa wa vita." Mzee mmoja aliomba waongezewe (d). Jovitus akamwambia (d) haipo.

Ndipo tukaenda parokiani. Pale ofisini kuna katibu anaitwa mama Celestina, mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa uzi, na anavitunza vitabu vya zamani kama watoto wake wa kuzaa. Viko vitabu viwili. Kimoja ni cha maziko, waliandikwa waliozikwa tangu misheni ianze. Kingine ni cha hesabu ya watu, maana mapadre wa zamani nao walikuwa wanapita kilima kwa kilima wakiandika nani anakaa wapi na nani na ana nini.

Jovitus alipokiona hicho cha pili alivua kofia. "Wenzangu!" akasema kwa uchungu kabisa. "Hawa walikuwa makarani wa sensa wenzangu!"

Mama Celestina akamwangalia kizibao, kisha akalowanisha kidole, akaanza kufunua. Alifunua polepole. Akapita kurasa zilizoliwa na mende, akarudi, akaweka kidole.

"Huyu hapa. Kahigi Yohana. Amezikwa makaburi ya misheni, mwaka elfu moja mia tisa hamsini na moja. Mwanawe, Petro, anakaa Rugu."

"Ndiye!" Jovitus akaruka. "Ndiye huyo! Kazi yake?"

Mama Celestina akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mtunza nguruwe wa misheni."

Jovitus akakiinamia kitabu.

"Soma vizuri, mama."

"Nimesoma, mwanangu."

"Labda wameandika mtunza nguruwe mkuu."

"Mkuu haipo. Imeandikwa mtunza nguruwe. Ila padre ameongeza hapa chini: 'Mtu mwaminifu. Siku ya maziko yake nguruwe hawakula.'"

Sijui kwa nini, mimi yale maneno yalinigusa. Nikifa, sidhani kama kuna jembe litakalokataa kulima. Nikamwambia Jovitus, "Babu yako alikuwa mtu!" Lakini Jovitus hakuwa nasi tena. Alikuwa amekivamia kile kitabu cha hesabu, anafunua kurasa kwa viganja viwili, jasho linamtoka, anatafuta Kahigi mwingine kama mtu anavyotafuta saizi nyingine ya kiatu.

Akampata!

"Kahigi," akasoma kwa sauti ya kutangaza matokeo ya uchaguzi, "mkungu wa kilima cha Nyakashozi! Wake watatu! Ng'ombe arobaini! Alibatizwa akiwa mahututi, akazikwa kibanjani kwake!"

Mkungu, kwa msiojua, ndiye aliyekuwa anasimamia kilima kwa niaba ya mtawala. Mtu mzito. Ukimpita barabarani unasimama pembeni.

"Huyo si wako," mama Celestina akasema. "Angalia watoto wake. Petro hayumo."

"Wamemsahau. Hata sisi mwaka 2022 kuna watu tuliwasahau."

Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akikiri hilo!

"Na hiyo Nyakashozi iko wapi?" nikauliza.

"Novatus! Mtu ana ng'ombe arobaini, wewe unauliza ramani?"

Karani wa sensa huyo! Mtu aliyelipwa kuandika nani yuko wapi! Mama Celestina akaeleza kwamba vilima vingi vilibadilishwa majina wakati wa vijiji vya ujamaa, na kwamba padre akirudi mchana anaweza kutuonyesha. Jovitus hakumsubiri padre. Aliomba nakala.

Na mama Celestina ana msimamo. Aliyeomba Kahigi anapewa Kahigi wote. Akaandika nakala mbili kwa mkono, akazigonga muhuri, akamkabidhi. Ile ya mkungu Jovitus alikwenda nayo dukani, akaikuza mpaka ikalingana na trei, akaivisha plastiki. Ile ya mtunza nguruwe aliikunja mara nne akaisukumia mfuko wa shati, chini ya kizibao. Hakuichana. Karatasi yenye muhuri Jovitus hawezi kuichana hata umshikie panga. Dini yake ni hiyo.

Tukarudi Mkombozi. Safari hii mzee Alistides alikuwa amealika watu: shangazi zake, wajomba, majirani, na mzee mmoja wa kanisa aliyekuja kwa ajili ya lubisi, pombe yetu ya ndizi. Bibi Benadeta kaketi mlangoni na kikapu chake. Mackrine anaingia na kutoka na trei, kavaa kitenge kipya, uso unamng'aa. Kila akipita ananikonyeza, maana yake, subiri tu utachekeshwa.

"Haya, mwanangu," mzee akasema. "Lile swali letu dogo."

Jovitus akasimama. Akainua plastiki lake juu, jua likalipiga, watu wa mstari wa mbele wakafumba macho.

"Mimi Jovitus, Mtakwimu," akaanza, "ni mjukuu wa Petro, na Petro ni mwana wa Kahigi! Kahigi, mkungu wa Nyakashozi! Mwenye wake watatu na ng'ombe arobaini!"

Akashusha plastiki akisubiri vigelegele.

Hapakuwa na kigelegele. Kuku mmoja alipita katikati ya uwanja, akasimama, naye akamwangalia. Mzee Alistides aliinuka taratibu.

"Rudia jina la kilima."

"Nyakashozi, mzee."

"Unajua hapo uliposimama panaitwaje?"

"Kijiji cha Mkombozi."

"Mkombozi ni jina la juzi. Tulipewa wakati wa vijiji. Kabla ya hapo mahali hapa, mwanangu, paliitwa Nyakashozi." Akanyoosha mkono kuelekea migombani, nyuma ya nyumba, penye kaburi la zamani lililozungushiwa mawe. "Na huyo Kahigi ni babu yangu mimi. Amelala pale."

Nilitamani kuwa pikipiki yangu, niwake niondoke.

Lakini mzee alikuwa bado. Machozi yalikuwa yanamtoka! "Babu alikuwa na mtoto aliyekwenda Buganda kulima pamba. Hakurudi. Kama alibatizwa, kama alioa, hatukujua. Baba yangu amekufa anamtaja. Kumbe ndiye Petro! Kumbe alirudi akakaa Rugu hapo tu!" Akamkumbatia Jovitus na plastiki lake.

"Mawe, mama yangu!" shangazi mmoja akapiga yowe. "Mtoto wa nyumbani amerudi!"

Sasa ndipo vigelegele vilipotoka! Vilitoka vyote, na vya akiba. Watu wakamshika, wakamgeuza, wakamwangalia pua, wakasema pua ndiyo hiyohiyo. Na Jovitus, mpumbavu wa Mungu, alikuwa anacheka! Kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote wilayani Kyerwa. Mpaka shangazi akamwambia, "Toka huko kwa wageni, njoo ukae huku na ndugu zako."

"Asante, shangazi. Na ile posa, baba, tunaimalizaje?"

"Posa ya nani?" mzee akauliza.

"Ya Mackrine."

Shangazi akashika mdomo. "Mackrine? Mackrine ni dada yako, mwanangu!"

Nimewahi kumwona mtu akianguka kutoka juu ya mparachichi. Sura yake hewani ilikuwa ileile ya Jovitus wakati huo.

Hapo bibi Benadeta akapiga fimbo yake chini.

"Mjukuu wangu, nina kaswali. Mimi nilizaliwa kule karibu na misheni. Pale misheni palikuwa na Kahigi mwingine, mtu wa watu. Huyo humjui?"

Nikakohoa. Nikakohoa tena, kifaduro kizima! Mkono wa Jovitus ulipanda wenyewe mpaka kwenye mfuko wa shati. Mackrine alikuwa amesimama katikati ya uwanja, trei mikononi, hachekeshwi tena.

"Jovitus," akasema taratibu, "mjibu bibi."

Ilikuwa ni kuitoa tu! Vidole viwili, karatasi moja. Angesema, "Samahani wazee, nimedanganya, babu yangu alikuwa mtunza nguruwe," watu wangecheka, wangemkaripia, wangekunywa lubisi, na Mackrine angekuwa wake. Nilifungua mdomo nimsaidie, akanikanyaga mguu. Akatazama plastiki. Akawatazama watu wote wale wanaomwita mjukuu wa mkungu. Mkono ukashuka.

"Simjui, bibi. Sisi na watu wa misheni hatukuchangamana sana. Wao walikuwa wanakuja kutuomba maziwa."

"Haya, waitu, mwanetu," bibi akasema, akarudi kwenye kahawa yake.

Mackrine aliweka trei chini, palepale kwenye vumbi, akaingia ndani. Hakutoka tena siku ile.

Na Jovitus? Mtoto wa nyumbani hakai kama mgeni! Mzee alimletea jembe, akampeleka kwenye kaburi la Kahigi, akamwonyesha magugu. Akalima na kizibao chake mpaka saa kumi, mashangazi wakimsifu kwamba anashika jembe kama mkungu. Mkungu gani aliwahi kushika jembe!

Tuliporudi alilia nyuma ya pikipiki. Nilimsikia. "Novatus, nimempoteza."

Nikasimamisha. "Turudi. Karatasi unayo. Ukaseme."

"Nikisema nitakuwa nani?"

"Utakuwa mume wa Mackrine!"

Nikawasha tena, naye akafikiri. Alifikiri kutoka pale mpaka taa za Omurushaka zikaonekana. "Nguruwe, Novatus," akasema mwishowe. "Nguruwe!" Nikamshusha hapo hapo, akamalizia kwa miguu.

Nilirudi kwa Mackrine peke yangu, nikataka kumweleza. Akanizuia. "Usiniambie kitu, kaka Novatus. Nilitaka aseme yeye."

Miezi ikapita. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi Jovitus alikwenda Mkombozi kupalilia kaburi la mtu asiyemhusu, na akirudi anatutangazia kwamba alikuwa na kikao cha ukoo. Tukamwacha.

Kisha akatokea Winston. Winston ni kijana wa Rugera, mpole, anafuga nguruwe, na anatembea na harufu yao bila wasiwasi wowote. Mzee Alistides alipomuuliza ukoo na muziro, alijibu kwa maneno mawili, akaendelea kutafuna kahawa. Kwisha! Ndani ya miezi mitatu tukaalikwa sendofu ya Mackrine.

Na nani alikuwa anapokea zawadi kwa niaba ya familia? Kaka wa bibi harusi! Kizibao kimefuliwa, daftari mkononi, anaandika: kanga, doti sita, sufuria, moja, mikungu ya ndizi, kumi na minne. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejiandikia hukumu. Nilikuwa karibu kumwonea huruma, lakini akaniuliza nimeletwa na kaya gani.

Winston alileta nguruwe. Dume jeupe, kubwa, limefungwa kamba ya shingo, zawadi ya jikoni. Mashangazi wakamwambia Jovitus, "Mpokee, wewe ndiye kijana wa nyumbani." Jovitus akaishika kamba kwa vidole viwili tu, uso kaugeuzia Rwanda.

Nguruwe huyo si mjinga. Alivuta mara moja tu!

Lo! Alipita katikati ya kwaya, akaangusha pipa la lubisi, mzee wa kanisa akapiga kelele ya uchungu ambayo hata msibani hajawahi kuipiga. Vijana wanne walimfuata, wanne wakaanguka. Akaingia migombani, akapanda juu ya kaburi la mkungu, lile ambalo Jovitus amelipalilia mwaka mzima, akaanza kulifukua kwa pua.

Sijui kilimwingia nini Jovitus. Alitupa daftari. Alikimbia ameinama, hana kelele, akazunguka kwa nyuma, akashika mguu mmoja wa nyuma, akauzungusha, nguruwe huyo chini! Goti mgongoni, kamba ya mgomba miguuni, mafundo mawili. Halafu, na hiki ndicho kilichotushangaza, akamkuna nyuma ya sikio. Nguruwe akanyamaza, akafumba macho, akashusha pumzi.

Mtu huyu hajawahi kugusa nguruwe maishani mwake!

Kutoka mlangoni tukasikia fimbo ya bibi Benadeta inakuja, ko, ko, ko.

"Hivyohivyo!" bibi akasema kwa furaha. "Mguu wa nyuma, goti, halafu sikio! Hivyohivyo ndivyo Kahigi wa misheni alivyokuwa anawashika! Nilikuwa msichana mdogo, tunakwenda kumwangalia tumepanda ukuta wa banda. Ee waitu, damu haijapotea!"

"Kahigi gani, mama?" mzee Alistides akauliza.

"Babu yake huyu! Mtunza nguruwe!"

Na kana kwamba haitoshi, ile karatasi ilikuwa imetoka mfukoni kwenye purukushani, iko kwenye matope karibu na mguu wa Mackrine. Aliokota, akaikunjua. Mackrine ni mwalimu, anajua kusoma mbele ya watu. Akaisoma yote: makaburi ya misheni, mwanawe Petro wa Rugu, mtunza nguruwe. Alipofika "siku ya maziko yake nguruwe hawakula," akaisoma hiyo mara ya pili.

"Kwa hiyo huyu si mwanangu?" mzee akauliza.

"Si mwanao," bibi akasema.

"Basi alipokuja kumposa Mackrine..."

"Alikuwa huru kumwoa."

Tukageuka wote kumwangalia. Jovitus alikuwa bado amemkalia nguruwe, tope mpaka kwenye kope.

"Bibi," akasema kwa sauti ndogo, "kumbe ulijua?"

"Nilijua, maana Petro mwanawe nilimfahamu. Na nikakuuliza mbele ya watu wote hawa. Yule mzee alikuwa anatuchomea mkia wa nguruwe tukiwa watoto, anatugawia. Halafu wewe unamkana!"

Mackrine alikunja karatasi mara nne, kama ilivyokuwa, akamrudishia mfukoni kwa mkono wake mwenyewe. "Siku ile ungenisomea hii, Jovitus," akasema, "ningekwenda na wewe Rugu jioni ileile." Akageuka, akarudi kwa bwana harusi wake.

Mzee Alistides alitafuta neno la kumwambia. Akatafuta, akatafuta, akapata moja. "Lile jembe letu uliache pale pembeni."

Alipokuwa anafuta tope, Winston akamwendea. Winston hana kejeli, hajui hata zinavyofanywa. "Bwana," akasema, "nimefuga miaka minane sijaona mtu anamshika vile. Banda langu lina nguruwe arobaini na sina mtu. Ukitaka kazi, ipo."

Jovitus alikataa kwa hasira. Aliendelea kukataa siku tisa mfululizo.

Sasa hivi ukipita Rugera asubuhi utamkuta bandani, kizibao kifuani, ndoo mbili za pumba mkononi. Unadhani amejifunza unyenyekevu? Thubutu! Ile karatasi ya pili nayo ameikuza, ameivisha plastiki, ameipigilia misumari kwenye mlango wa banda. Juu ya maneno "mtunza nguruwe" ameongeza "mkuu" kwa kalamu ya bluu. Kila mteja anayekuja anasimamishwa hapo. "Ukoo wetu," anaanza, amenyoosha kidole, "tumekuwa katika sekta hii tangu enzi za wamisionari. Padre mwenyewe ameandika. Mimi hapa nina arobaini, nawahesabu kila asubuhi, na sijawahi kumkosa hata mmoja..."

Nilikuwepo juzi. Mteja alikuwa ameshaanza kuvutiwa. Mara dirisha la nyumba kubwa likafunguliwa, Mackrine akatoa kichwa.

"Kaka Jovitus!" akaita. "Maliza kuhesabu, nguruwe wana njaa!"